Mvunjiko wa nyonga kwa wazee: damu inapotelea wapi, na tunaipunguzaje?

Mfupa_Mkoani

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wa wanaofanya upasuaji wa nyonga kwa wazee kwenye hospitali za ngazi ya mkoa.

Wagonjwa ni wa miaka 70 kwenda juu. Wengi wamevunjika eneo la trokanta (vinundu vya juu ya mfupa wa paja, chini ya shingo yake), wachache shingo ya paja. HB (kiwango cha hemoglobini kwenye damu) ya kuingilia ni 9 hadi 11. Benki ya damu ikijitahidi sana inatoa chupa mbili, na mara nyingi ndugu huambiwa wachangie kwanza. Trokanta tunafunga DHS (bamba la ubavuni lenye skrubu kubwa inayoteleza) au msumari wa ndani ya mfupa, shingo ya paja tunaweka nusu kiungo bandia. Mezani damu haionekani nyingi, labda mililita 200 au 300 kwenye chupa ya kufyonzea, lakini siku ya pili HB imeshuka kwa 2 hadi 3.

Ninachotaka kujua: asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) tunaitoa vipi kwa mzee mwembamba ambaye figo zake si nzuri? Dreni (mrija wa kutoa damu jerahani) inasaidia au tuiache? Kuna wanaosema mtu wa usingizi ashushe presha ili jeraha liwe kavu, hilo lina usalama gani katika umri huu? Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au klopidogreli tumsubirishe siku ngapi?

---

Bamba_na_Skrubu

Daktari, hiyo damu unayoitafuta haipo kwenye chupa ya kufyonzea. Ipo pajani.

Mvunjiko wa shingo ya paja uko ndani ya mfuko wa kiungo. Damu ikijaa mule inabanwa, inajizuia yenyewe. Wa trokanta uko nje ya mfuko, mfupa wake ni wa sponji, na misuli ya paja inanyonya damu nyingi bila ngozi kuonyesha kitu. Kwa hiyo mzee wa trokanta anaanza kupoteza damu tangu alipoanguka, anaendelea akiwa wodini, na anaendelea siku mbili tatu baada ya kushonwa. Kuna utafiti wa Denmark wa mwaka 2006 uliopima damu yote iliyopotea, siyo ya mezani tu. Waliowekwa skrubu au pini walipoteza wastani wa mililita 547, waliowekwa msumari 1,473. Kidonda cha msumari ni kidogo, ndiyo maana unadanganya watu.

HB ya kuingilia nayo usiiamini. Mgonjwa aliyelala nyumbani siku mbili bila kunywa maji vizuri damu yake imekuwa nzito. Ukisoma 11, mpe maji, rudia baada ya saa sita hadi kumi na mbili, unaweza kukuta 9. Hiyo ya pili ndiyo ya kupangia upasuaji.

Sasa mezani. Kwenye DHS adui ni matawi ya ateri ya kina ya paja, yale yanayotoboa ukuta wa misuli kwa nyuma na kuja mbele. Ukiinua misuli ya nje ya paja kwa kuichana moja kwa moja kutoka kwenye ukuta huo, tawi linakatika, linarudi nyuma ya mfupa, na hapo utalitafuta kwa dakika kumi huku linamwaga. Pasua misuli nusu sentimita hadi sentimita moja mbele ya ukuta, uache kipande cha nyama nyuma. Tawi likikatika, unalo la kushika kwa koleo. Nenda polepole, ukiliona lifunge au lichome kwa daiathemi (kifaa cha umeme) kabla ya kulikata. Wanaochomeka kifaa cha kuinulia mfupa kwa nguvu upande wa nyuma ndio wanaoyang'oa.

La pili ni keekee kupitiliza. Mguu ukiwa umevutwa kwenye meza ya kuvutia, umeletwa ndani na kuzungushwa ndani, ateri zinasogea karibu na mfupa. Keekee ikitoboa upande wa pili na kuzama sentimita mbili, au skrubu ikiwa ndefu kupita kiasi, unatoboa mshipa mkubwa. Wakati mwingine ni ncha ya trokanta ndogo yenyewe inayoukwaruza. Dalili yake hairuhusu kusubiri: paja linavimba na kukaza siku ya kwanza hadi hata wiki kadhaa baadaye, HB inashuka tena baada ya kuongezewa. Huyo apigwe picha ya mishipa au ultrasaundi ya mtiririko wa damu, siyo kuongezewa chupa nyingine na kungoja.

Kwenye msumari damu inatoka kwenye uboho kila ukipitisha rima (kifaa cha kupanua tundu la mfupa). Usirime kwa namba zinazorukaruka, na usirime zaidi ya unavyohitaji. Mzee ana tundu pana, mara nyingi rima ya mlangoni peke yake inatosha kwa msumari mfupi. Ukingoja kifaa, weka shashi na kidole juu ya tundu. Lakini kubwa kuliko yote ni kunyoosha mvunjiko kabla hujakata ngozi. Mvunjiko uliokaa sawa unavuja kidogo, na hutalazimika kufungua paja.

Nusu kiungo bandia: ukiingilia nyuma, acha misuli ya mraba ilivyo ukiweza, kwenye ukingo wake wa juu kuna tawi ambalo karibu kila mara linavuja. Ukitoa kichwa cha paja, kale ka-ateri ka kwenye kano ya ndani ya kikombe cha nyonga kanaweza kuvuja kimyakimya wakati unahangaika na mfupa. Jaza shashi kwenye kikombe unapotayarisha paja. Na ihesabiwe.

Dreni acha. Inafyonza damu ambayo ingejibana yenyewe, na mapitio ya tafiti yanaonyesha wenye dreni huongezewa damu zaidi bila kupungua kwa maambukizi wala hematoma (damu iliyojikusanya ndani). Tumia muda huo kukausha vizuri na kushona kila tabaka bila kuacha nafasi tupu.

Waliochelewa wiki tatu kwa mganga wa mifupa ni habari nyingine. Pale kuna nyama changa na mfupa laini unaoanza kuota, vyote vimejaa mishipa, na kuvirudisha mahali pake lazima ufungue. Huyo usimwingize mezani bila chupa mbili zilizokwisha linganishwa.

---

Usingizi_Salama

Naongezea upande wa kichwani mwa meza, na nianze na lile la kushusha presha: hapana. Mgonjwa wa miaka 80 mwenye presha ya siku nyingi, ubongo na figo zake zimezoea shinikizo la juu. Ukimshusha kwa makusudi utaokoa mililita mia moja na kumpa kiharusi au kuchanganyikiwa. Wastani wa presha ya ateri usiuache ushuke chini ya 65, na kwa mwenye presha ya kudumu nalenga 70 hadi 75. Ganzi ya uti wa mgongo kwa dozi ndogo (dawa ya ganzi bupivakaini nzito, miligramu 7.5 hadi 10) inatosha, ikifuatiwa na dawa za kupandisha presha, efedrini au fenilefrini, kidogokidogo. Usitibu presha iliyoshushwa na ganzi kwa lita tatu za maji ya chumvi. Damu inakuwa maji, vigandishi vinapungua, na mapafu ya mzee yanajaa.

Asidi ya traneksamiki. Haigandishi damu, inazuia donge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe, ndiyo maana lazima ifike kabla ya kisu. Kawaida ni gramu 1 au miligramu 15 kwa kila kilo, ndani ya dakika 10, isizidi mililita 1 kwa dakika ukiitoa kwa sindano moja kwa moja. Ukiikimbiza presha inaporomoka. Kisha gramu 1 nyingine wakati wa kushona, au saa 3 baada ya ile ya kwanza. Mtindo huo wa gramu 1 mwanzoni na gramu 1 mwishoni ndio uliotumika kwenye utafiti wa POISE-3 wa mwaka 2022, wagonjwa 9,535 wa upasuaji usio wa moyo: kutokwa damu kubaya kulikuwa asilimia 9.1 dhidi ya 11.7 kwa waliopewa dawa bandia.

Figo: dawa yote karibu inatoka na mkojo bila kubadilika. Kreatinini (kipimo cha figo) ikiwa juu, toa dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo na usirudie. Ikizidi, shida ya kwanza ni degedege. Mwenye kifafa, au mwenye donge jipya la damu mguuni au mapafuni, asipewe mishipani. Kwa huyo weka gramu 1 hadi 2 kwenye mililita 50 za maji ya chumvi, umwage jerahani, uache dakika tano kabla ya kushona. Kiharusi cha zamani au stenti ya zamani peke yake sikatai, ila tunajadiliana na mpasuaji kwanza.

Sasa jambo linaloua. Ampuli ya traneksamiki ni ya mililita 5, ya bupivakaini nzito ni 4, kioo ni kilekile, na zote zipo kwenye trei moja la mtu wa usingizi. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo inaleta maumivu makali mgongoni na miguuni, degedege, moyo kupoteza mpangilio, na karibu nusu ya waliowahi kuripotiwa wamekufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2022 kuhusu kosa hilihili. Kwa hiyo isikae kabisa kwenye trei ya ganzi. Ikae kabati lingine, isivunjwe mpaka sindano ya mgongo imemalizika na mgonjwa amelazwa, na iingie kwenye mfuko wa mililita 100 wenye lebo. Dakika kumi za kumpanga mgonjwa mezani zinaitosha kuingia.

Dawa nyingine:

Aspirini endelea nayo. Klopidogreli usimsubirishe siku saba, siku hizo saba kitandani zina madhara kuliko damu atakayopoteza. Mpe usingizi kamili badala ya ganzi ya mgongo, traneksamiki, na mpasuaji mzoefu. Chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) usimpe kwa kumkinga, mpe akivuja.

Warfarini: vitamini K miligramu 5 mshipani polepole, pima INR (kipimo cha kuganda kwa damu) baada ya saa 6 hadi 12, ganzi ya mgongo ikiwa chini ya 1.5. Ukianza usiku, asubuhi unaingia. Usiichome kwenye msuli, utatengeneza hematoma nyingine. Rivaroksabani na apiksabani hazina kipimo rahisi kwetu, kwa hiyo tunahesabu saa: figo zikiwa nzuri, saa 24 hadi 48 tangu kidonge cha mwisho kwa upasuaji wenyewe, na zaidi ya hapo ukitaka kuchoma mgongo. Figo mbovu, ongeza muda.

Halafu diklofenaki. Wodini mzee anachomwa kila baada ya saa nane tangu alipolazwa, na hakuna anayeihesabu. Inalegeza chembe sahani, inabana figo, inachubua tumbo. Badala yake parasetamo (chini ya kilo 50, miligramu 15 kwa kilo) na ganzi ya chini ya utando wa misuli ya nyonga. Ganzi hiyo inaweza kuwekwa hata idara ya dharura.

---

Sista_Thieta

Daktari wa Usingizi umesahau baridi.

Mgonjwa akishuka chini ya nyuzi 36 vigandishi vinafanya kazi polepole na chembe sahani zinalegea, hata kama vipimo vya maabara vinasomeka vizuri, kwa sababu maabara inavipima kwenye 37. Mapitio ya tafiti yaliona kushuka kwa chini ya nyuzi moja tu kunaongeza damu inayopotea kwa takriban asilimia 16. Kama hamna mashine ya hewa ya moto: zima kiyoyozi au kipandishe hadi 21 na zaidi mpaka mgonjwa afunikwe, funika kichwa na kifua kwa blanketi kavu, maji ya mshipani na ya kuoshea jeraha yatoke kwenye kabati la joto. Shuka likilowa maji ya kuoshea libadilishwe, siyo kufunikwa na lingine.

Damu isipashwe kwa maji ya birika wala maikrowevu. Ikipita nyuzi 42 chembe zinapasuka na unamwekea mgonjwa potasiamu.

Kuhesabu: pima shashi kwenye mzani. Uzito wa iliyolowa toa uzito wa kavu, gramu moja ni sawa na mililita moja. Toa maji ya kuoshea kwenye chupa ya kufyonzea, andika ubaoni kabla hujaanza kuosha. Hizo mililita 200 za mleta mada nina wasiwasi hazina shashi wala shuka ndani yake.

Na mkimlaza kwa ubavu, nguzo ya mbele ikae kwenye mfupa wa kinena, isibonye tumbo. Tumbo likibanwa vena zinajaa na jeraha linalia bila sababu.

---

Mfupa_Mkoani

Asanteni sana. Kweli shashi hatupimi. Dada umenipata.

Tuchukue mfano ili nijue nimeelewa: mama wa miaka 82, kilo 48, trokanta isiyo imara, HB 9.8 baada ya maji, kreatinini ya kawaida. Msumari. Benki ina chupa moja ya kundi lake. Tuendelee au tusubiri ya pili?

---

Usingizi_Salama

Piga hesabu. Ujazo wa damu kwa mwanamke mzee chukua mililita 65 kwa kilo: 48 × 65 ni 3,120. Anachoweza kupoteza kabla ya kufika 8 ni 3,120 × (9.8 − 8) ÷ 9.8, yaani kama mililita 570. Msumari kwenye mvunjiko usio imara unaweza kupita hapo kwa jumla, ukihesabu na ya pajani. Kwa hiyo chupa moja iwe imelinganishwa na iko kwenye jokofu, ya pili iwe inatafutwa, lakini upasuaji uendelee. Kusubiri siku tatu kwa ajili ya chupa ya pili ni kumwacha avuje wodini na apate nimonia juu yake.

Traneksamiki: 48 × 15 ni miligramu 720, kwa ampuli ya 500 kwa mililita 5 ni mililita 7.2. Ukimpa gramu 1 nzima pia hujakosea, figo zake ni nzuri. Bupivakaini: ukomo wake kwa miligramu 2 kwa kilo ni 96. Ganzi ya nyonga mililita 30 za asilimia 0.25 ni miligramu 75 (mililita 15 za 0.5 na 15 za maji ya chumvi), ongeza 10 za mgongoni, 85. Umebaki ndani.

---

Jokofu_la_Damu

Naingia kwa upande wa benki ya damu.

Sampuli ije mgonjwa anapolazwa, siyo asubuhi ya upasuaji. Kupima kundi na kulinganisha kunachukua karibu saa nzima kama hakuna tatizo. Bibi aliyezaa mara saba, au aliyewahi kuongezewa, anaweza kuwa na kingamwili zinazofanya kila chupa ikatae. Hilo tukilijua siku mbili mapema tunatafuta kwenye kituo cha kanda. Tukilijua mgonjwa akiwa mezani hatuna la kufanya.

Ombeni chembe nyekundu zilizokolezwa, siyo damu nzima, pale inapowezekana. Damu nzima ni mililita 450 pamoja na dawa ya kuzuia kuganda, na mwili wa kilo 48 wenye moyo mchovu hauibebi vizuri. Mgonjwa asiyevuja kwa kasi apewe chupa moja kwa saa 2 hadi 3, isizidi 4 tangu itoke kwenye jokofu, aangaliwe upumuaji, na mwenye moyo dhaifu apewe furosemaidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo) miligramu 20. Kisha HB ipimwe kabla ya kuomba ya pili. Fomu zinazokuja zimeandikwa "chupa 3" kwa mgonjwa wa HB 7.9 nazirudisha.

Kiwango cha 8 hakikutoka hewani. Utafiti wa FOCUS wa mwaka 2011 ulichukua wagonjwa 2,016 wa mvunjiko wa nyonga wenye ugonjwa wa moyo au vihatarishi vyake, nusu wakiongezewa ikishuka chini ya 10, nusu chini ya 8 au wakiwa na dalili. Baada ya siku 60 hapakuwa na tofauti ya vifo wala ya kutembea. Neno "dalili" lisisahaulike hapo: maumivu ya kifua, mapigo ya haraka yasiyotulia kwa maji, moyo kushindwa. Huyo anaongezewa hata akiwa na 8.6.

---

Bamba_na_Skrubu

Nakubaliana na jokofu, ila mwenye mshtuko wa moyo unaoendelea mimi sisubiri 8. Namweka karibu na 10.

Kwa yule mama wa mfano, HB ipimwe akitoka thieta, asubuhi ya siku ya 1, na tena siku ya 3. Ya siku ya 1 ikiwa nzuri watu wanaacha kupima, na ya chini kabisa mara nyingi ndiyo inayofuata.

---

Mfupa_Mkoani

Swali dogo la mwisho. Enoksaparini (sindano ya kuzuia damu kuganda kwenye mishipa) tunaianza lini, ikizingatiwa tumempa na traneksamiki? Wodi inaogopa kuvichanganya.

---

Usingizi_Salama

Havigombani. Traneksamiki nusu ya maisha yake ni saa 2 hadi 3, na enoksaparini inaanza saa 6 hadi 12 baada ya upasuaji. Mimi naandika saa 12 kama jeraha lilikuwa na unyevu. Miligramu 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku, figo zikiwa mbovu sana (kiwango cha uchujaji chini ya 30) punguza hadi 20 au 30. Iendelee siku 28 hadi 35.

Kama mmeanza kuitoa kabla ya upasuaji kwa sababu ya kuchelewa, ya mwisho iwe angalau saa 12 kabla ya sindano ya mgongo. Rahisi zaidi ni kuipanga saa 12 jioni kila siku. Asubuhi ya saa 2 unachoma mgongo bila kupiga hesabu, na jioni ileile inarudi, kama paja halijakaza na bandeji haijalowa.